Mnong'ono wa Fundi Saa

"Unamtafuta nani, binti?"

Mama aliyeniuliza alikuwa mshonaji. Alikaa barazani pa nyumba ya jirani, cherehani mbele yake, uzi mweupe ukining'inia mdomoni. Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana. Jua limesimama utosini, na mtaa umenyamaza kama watu wote wamehama.

"Shikamoo, mama. Namtafuta Fundi Saa. Yule mzee wa nyumba hii."

"Marahaba. We ni nani yake?"

"Mjukuu. Si wa damu. Nasoma chuo cha uuguzi, tuna kikundi cha kujitolea. Tunawapigia simu wazee wanaoishi peke yao. Mimi ndiye ninayempigia yeye."

"Unampigia."

"Kila Jumamosi saa kumi."

Aliutoa uzi mdomoni taratibu.

"Pole, mwanangu. Ina maana hawakukwambia? Fundi Saa tulimzika. Huu mwezi wa sita sasa."

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka.

"Mama, labda tunaongelea wazee wawili tofauti. Huyu wangu alifanyiwa upasuaji wa koo. Hana sauti, anaongea kwa kunong'ona."

"Ndiye huyo. Mimi ndiye niliyemkuta asubuhi, uji wangu mkononi."

"Nimeongea naye Jumamosi iliyopita. Dakika arobaini."

Alilizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja. Nilitazama mlango wa Babu: kufuli lilikuwa limeota kutu, na buibui alikuwa ametanda kutoka kitasa hadi ukutani. Nikatoa simu, nikapiga pale pale, nikaweka sauti kubwa ili mama huyu asikie na aache kunitisha.

Iliita mara tatu. Ndani ya nyumba hakukuita kitu. Kisha ikapokelewa, na nikasikia ile pumzi niliyoizoea.

"Mjukuu wangu," ule mnong'ono ukasema. "Leo si Jumamosi."

Mshonaji aliinuka. Aliingia ndani kwake, akafunga mlango, akafunga na dirisha. Nilisikia makomeo yakipita moja baada ya jingine.

"Babu, uko wapi?" nikauliza.

"Nyumbani, niende wapi na miguu hii? Nimekaa kitini, dirishani. Naangalia barabara."

Nilisogea kwenye dirisha la Babu, nikaweka paji la uso kwenye kioo. Chumba kilikuwa kitupu. Hakukuwa na kiti, wala meza. Sakafu tu, na vumbi.

"Unaona nini barabarani, Babu?"

"Watoto wanatoka shule. Wanakimbizana."

Niligeuka. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, haina hata kuku.

*

Ngoja nirudi nyuma kidogo, uelewe nilifikaje pale.

Mwaka wa mwisho chuoni nilijiunga na kikundi cha kujitolea kwa sababu ya rafiki yangu wa chumba, tuliyemwita Kasuku kwa kuwa mdomo wake haulali. Kikundi kiligawanyika sehemu mbili: wapo waliokwenda majumbani kupeleka sabuni na dawa, na wapo waliopiga simu. Kila mzee alipewa simu ndogo ya vitufe na laini yake. Sheria ilikuwa kwamba wapigaji hatuendi majumbani, tusije tukawachosha wazee kwa kujaa huko wote.

Nilipangiwa Fundi Saa. Wiki ya kwanza nilimwogopa. Mnong'ono wake ulikuwa kama mtu aliye karibu mno, kana kwamba ameketi nyuma ya shingo yangu. Wiki ya pili nikazoea. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, na sikuwahi kuwa na mwanamume mkubwa wa kumweleza mambo yangu. Nilimweleza Babu yote, naye akawa ananisimulia ya kwake: mkewe, na bwana harusi aliyekuja kwake na saa iliyosimama.

Nilimweleza pia kuhusu Mratibu.

Mratibu alikuwa kiongozi wa kikundi. Mpole, mrefu, mwenye daftari kwapani muda wote. Kila mtu alimpenda. Alinitaka tangu mwanzo, nami nikamzungusha, kwa sababu kila nikimwangalia moyo wangu ulikuwa unanyamaza tu, hausemi ndiyo wala hapana.

"Babu, yupo kijana ananisumbua," nilisema Jumamosi moja.

"Anakusumbua vipi?"

"Ananipenda. Sijui nimjibu nini."

Nilisikia pumzi yake kwanza, kisha mnong'ono ukaja.

"Ni yule anayeniletea sabuni? Usimwache huyo, mjukuu wangu. Nimeona vijana wengi. Huyo ametulia."

Nikamkubali Mratibu wiki hiyo hiyo. Na ajabu ni kwamba aliniweza kweli kweli. Nikiwa na huzuni, alijua bila kuambiwa. Nikiwa nimemkasirikia, alikuja kuomba msamaha kabla sijafungua mdomo. Kasuku alisema, "Huyu mwanamume anakusoma kama gazeti." Nilijiona mwenye bahati.

Kisha ikaja barua ya kazi. Hospitali ya wilaya moja ya mbali, safari ya siku nzima na nusu, wodi ya watoto niliyoitamani tangu mwaka wa kwanza. Mratibu hakusema neno baya. Alinipongeza, akatabasamu. Lakini Jumamosi Babu alisema:

"Mbali huko utamwacha nani? Kazi zipo hata hapa. Mume mwema hapatikani kila siku."

Nikaandika barua ya kukataa kazi. Nikaiweka chini ya mto, niitume baadaye. Mratibu naye akanichumbia, akanivisha pete. Ndipo nikapata wazo: siku familia zetu zitakapokaa pamoja, nani atakaa kwenye kiti cha baba yangu? Nikavunja sheria ya kikundi. Nikatafuta anwani kwenye daftari la ofisini, nikaenda mwenyewe nikamwombe Babu uso kwa uso.

Huko ndiko nilikomkuta mshonaji.

*

"Ni jini," Kasuku alisema. Alikuwa amejifunika shuka hadi kidevuni, na nje jua linawaka.

"Acha mambo yako."

"Basi niambie ni nani. Umeona kufuli. Umeona vumbi. Na amepokea simu."

"Sijui."

"Mwambie Mratibu."

"Nimwambie nini? Kwamba naongea na maiti? Ataniona nimerukwa na akili. Ngoja kwanza nijue."

Nilikaa siku tatu hivyo. Darasani nilisikia mnong'ono kwenye feni. Bafuni niliusikia kwenye bomba. Simu ikiita nilishtuka kama nimemwagiwa maji. Nilijiuliza maneno mengi niliyomwambia yule babu yamekwenda kukaa wapi.

Alhamisi muuguzi mkuu wa ile hospitali alipiga. Alitaka jibu langu kufikia Jumatatu, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Jioni nikamtumia Mratibu meseji.

"Wamepiga wa hospitali. Wanataka jibu Jumatatu."

Akajibu, "Amua kwa moyo wako, mpenzi. Mimi nitakuunga mkono kwa lolote."

Sikumwambia mtu mwingine. Hata Kasuku, maana siku hiyo alikuwa kwa dada yake.

Jumamosi ikafika. Saa kumi kamili nilikaa kwenye benchi la bustani ya chuo, mwanga mweupe kila mahali, wenzangu wakianika nguo mbele ya bweni. Niliomba Mungu isipokelewe. Ikapokelewa mara ya kwanza tu.

"Mjukuu wangu."

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Sauti yako leo ina nini?"

"Uchovu tu. Babu, ulikula mchana?"

"Nilikula. Jirani aliniletea uji." Akakohoa kidogo. "Nimekuwa nikikuwaza. Hao wa hospitali, Jumatatu ukiwajibu, wajibu kwa upole. Waambie umepata familia."

Niliiondoa simu sikioni, nikaitazama.

"Mjukuu wangu? Upo?"

"Nipo, Babu."

Jumatatu. Sikuwahi kumwambia Babu kuhusu Jumatatu. Nilimwambia mtu mmoja tu duniani, kwa meseji, na simu yangu ilikuwa na neno la siri.

Nilisimama. Miguu ilijua inakokwenda kabla yangu. Kila Jumamosi mchana Mratibu alijifungia kwenye stoo ya kikundi, nyuma ya maktaba, akiandika ripoti. Alituomba tusimsumbue. Sikuwahi kujiuliza ripoti gani inaandikwa kila wiki, saa ile ile.

"Babu," nilisema nikitembea, "nisimulie kuhusu bibi. Unajua nampenda bibi."

"Ah, bibi yako." Mnong'ono ulilegea kwa raha. "Bibi yako alipenda mvua. Ikianza kunyesha anatoka nje peku..."

Nilipita maktaba. Nikakata kona. Mabati ya stoo yalikuwa yanalia kwa joto, tik, tik. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu.

"...anasimama uani, ananiita, fundi, njoo uone..."

Hapo nikaisikia mara mbili. Kwanza ilitoka nyuma ya mlango. Kisha, kwa kuchelewa kidogo sana, ikaingia sikioni mwangu kutoka kwenye simu. Njoo uone. Njoo uone.

Nikausukuma mlango.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, kimoja cha vile tulivyopewa msaada, katikati ya maboksi ya sabuni na marundo ya mablanketi. Macho yamefumbwa. Leso mdomoni. Mabega yake yalikuwa yameinama kama ya mtu wa miaka themanini, na mkono usioshika simu ulikuwa unatetemeka juu ya goti.

Hakuwa anaigiza kwa ajili ya mtu. Hakuna aliyekuwa akimwona. Alikuwa amekuwa yule mzee.

Alifumbua macho akaniona. Akasema, bado kwa ule mnong'ono, "Mjukuu wangu..."

Kisha akasafisha koo. Mkono ukaacha kutetemeka.

"Naomba nikueleze," akasema Mratibu.

*

Nilibaki mlangoni. Sikutaka kuingia chumba kile.

"Amekufa lini?"

"Unajua tayari."

"Nataka useme wewe."

"Mwezi wa pili, tarehe kumi na nne. Binti yake alinikabidhi simu siku ya mazishi, nirudishe chuoni. Nilikuja hapa kukutafuta nikwambie. Naapa nilikuwa nakuja kukwambia. Ikaita mkononi mwangu. Wewe. Nikapokea, na koo likakauka, sauti haikutoka. Nikasema tu 'nipo.' Ukasema, 'Babu, leo hujambo.' Ukaanza kuongea."

"Kwa nini hukunikatiza?"

"Ulikuwa na furaha."

"Na wiki iliyofuata?"

Alitazama maboksi ya sabuni.

"Na miezi mitano?"

"Ulikuwa unamwambia mambo ambayo mimi hukuniambia," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Mimi ulinipa salamu tu. Yeye ulimpa moyo wako. Nilitaka kuusikia. Nilijifunza kukupenda vizuri kupitia yeye. Kila ulichotaka nilikifanya. Ni uongo huo? Je, sikukupenda vizuri?"

Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi ya kufuli na vumbi. Alikuwa anasema kweli. Alinipenda vizuri.

"Nilipokuuliza nikukubali au nikukatae, nani alijibu?"

"Mimi."

"Nilipouliza niende kazini au nisiende?"

"Mimi. Lakini ningekukosa."

"Hadithi ya mkewe na mvua?"

"Nilitunga."

"Ya bwana harusi aliyekuja na saa iliyosimama?"

Alifikiri. Nikaona anafikiri kweli, anatafuta.

"Hiyo sikumbuki," akasema. "Sikumbuki kama ni mimi au ni yeye."

Nilivua pete. Sikumtupia. Niliiweka juu ya boksi la sabuni lililokuwa karibu na mlango, kisha nikanyoosha mkono.

"Nipe simu ya Babu."

"Bado tunaweza..."

"Nipe."

Alinipa. Ilikuwa na joto la shavu lake.

*

Nilimweleza mlezi wa kikundi, mhadhiri wetu wa saikolojia, naye akamwondoa Mratibu jioni ile ile. Akasema hilo halitoshi: yupo mtu wa kurudishiwa kilicho chake. Mshonaji alinipa namba ya binti wa Fundi Saa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anaishi mji wa jirani. Nilimpigia, nikajitambulisha, nikamwambia nina simu ya baba yake na nina jambo la kumweleza.

Nikasikia kiti kikiburutwa, mtu akiketi.

"Namba ile?" akauliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Njoo. Njoo hata kesho."

Nilimlazimisha Mratibu twende wote. Ndani ya basi alikaa viti vitatu nyuma yangu.

Mwalimu alitupokea sebuleni. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, na mezani palikuwa na pakiti za dawa za usingizi. Nilimsimulia yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza alimgeukia Mratibu.

"Mwezi mmoja baada ya mazishi," alisema, "nilipiga namba ya baba. Nilijua hakuna wa kupokea. Nilitaka tu kuisikia ikiita. Ikapokelewa. Sauti ikasema, 'Nipo hapa.'"

Mratibu aliinamisha kichwa.

"Nilidhani ni yeye anayepiga," akasema, akininyooshea kidole. "Sikuangalia kioo cha simu. Nilipogundua nikakata."

"Ulikata. Mimi nilianguka jikoni. Tangu siku ile sijalala usiku mmoja bila dawa. Nimechukua likizo shuleni. Sikumwambia mume wangu, sikumwambia mtu, kwa sababu ningesema nini? Nilijua akili imenitoka." Alicheka kidogo, kicheko kilichofanana na kulia. "Kumbe sina wazimu. Ni wewe tu."

"Nisamehe, mama."

"Itoe tena ile sauti."

"Mama, tafadhali."

"Itoe. Kama ulivyoniambia siku ile."

Mratibu aliinamisha mabega, bila kutaka, kama mwili umezoea. Mkono ukaanza kutetemeka. Kisha akanong'ona:

"Nipo hapa."

Ilikuwa mchana, madirisha wazi, watoto wa jirani wanacheza mpira ukutani, na Babu alikuwa amekaa pale kwenye kochi.

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Alisikiliza mpaka mwisho, na hata baada ya mwisho. Akayafumbua. Uso wake ukalegea taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Siye," akasema. "Hata hazikaribiani. Baba alikuwa ananong'ona kwa kukwaruza, kila neno linapasuka katikati. Wewe unapuliza tu. Siye kabisa." Akaziokota zile pakiti za dawa, akazisukumia pembeni ya meza. Kisha akaniangalia. "Wewe si uliongea na baba wiki saba kabla hajafa? Husikii tofauti?"

Nilifungua mdomo. Nilirudi kichwani kwenye zile wiki saba, Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikitafuta ile sauti ya kukwaruza. Nilitafuta sana. Kila mlango niliofungua, aliyekaa ndani alikuwa Mratibu.

"Sisikii," nikasema. "Mwalimu, sisikii tofauti."

Hapo ndipo nilipolia. Sikuwa nimelia stoo, wala kwa mshonaji, wala bwenini. Mwalimu aliinuka akaja kukaa karibu nami, akanishika mkono.

"Mwambie atoke," alisema. "Wewe kaa. Nitakusimulia baba yangu alivyokuwa."

Mratibu alitoka. Nilimwona dirishani akisimama kidogo nje, kisha akaondoka.

Mwalimu alinisimulia hadi mchana ukageuka jioni. Baba yake alikuwa na hasira za karibu. Aliimba kabla ya upasuaji, tena vibaya. Mama yake mwalimu alichukia mvua kuliko kitu chochote, kwa sababu paa lilikuwa linavuja na fundi alikuwa na muda wa saa za watu tu.

Jumatatu nilipiga hospitali.

"Nakuja," nikamwambia muuguzi mkuu.

"Una hakika? Huku ni mbali."

"Nina hakika."

Mratibu aliniandikia mara moja nikiwa njiani. "Ukifika salama nijulishe tu." Niliisoma basi likiwa limesimama kwa mafuta. Sikujibu, na baadaye nikabadili laini.

Ni mwaka wa pili sasa nipo huku. Yupo mtaalamu wa maabara, mtu wa mizaha, ambaye kwa miezi minane amekuwa akiniletea majibu ya wagonjwa mkononi wakati yangeweza kuletwa na mhudumu. Juzi asubuhi alinikuta kwenye korido ya wagonjwa wa nje, akainama sikioni kwangu, akanong'ona.

"Nakupenda, unajua?"

Nilirudi nyuma hatua mbili. Aliogopa, akadhani amenikosea.

"Sema kwa sauti," nikamwambia.

"Hapa?"

"Hapa hapa. Kwa sauti yako."

Alitazama benchi la wagonjwa. Akina mama na watoto wao, mzee mwenye bandeji mguuni, mlinzi mlangoni. Akasafisha koo, akasimama wima, akasema maneno yale yale kwa sauti nene iliyokwaruza kidogo kwa aibu, mpaka benchi zima likageuka.

Nikamwambia nimesikia.